Bram Fischer, Kaburu Aliyeondoka Kitini

Wako watu wanaoamini kwamba dharau ya mtu wa tabaka la juu kwa mtu wa tabaka la chini ni ubaya wa moyo tu, na kwamba dawa yake ni mahubiri. Sisi hatuamini hivyo. Sisi twaamini kwamba dharau ina mahali inapozaliwa, napo ni kitini. Mtu akikalishwa katika kiti cha heshima asichokitolea jasho, akawaona wenziwe wamesimama, hana budi kujitafutia sababu ya yeye kukaa na wao kusimama. Sababu iliyo rahisi kuliko zote ni kujiambia kwamba wao si watu kama yeye.

Leo twapenda kuwasimulia wasomaji wetu maisha ya mtu mmoja aliyelijua jambo hili bila ya kufundishwa na kitabu, maana aliliona katika mkono wake mwenyewe. Mtu huyo ni Abram Fischer, ambaye wengi walimwita Bram, wakili wa Afrika ya Kusini aliyefariki dunia tarehe 8 Mei, 1975.

Fischer alizaliwa mjini Bloemfontein tarehe 23 Aprili, 1908. Katika Makaburu wa jimbo lile zilikuwako koo chache sana zenye heshima iliyofanana na ya ukoo wake. Babu yake, ambaye Bram alirithi jina lake, alikuwa Waziri Mkuu wa koloni la Orange River tangu mwaka 1907 hadi 1910, kisha akawa waziri katika serikali ya Muungano wa Afrika ya Kusini. Baba yake, Percy Fischer, alikuwa wakili, halafu jaji, na mwisho akawa mkuu wa majaji wa jimbo la Orange Free State. Jamaa za mama yake walikuwa wafanyabiashara matajiri wa mji ule ule. Mtoto wa nyumba kama hiyo hakuwa na haja ya kujiuliza atakuwa nani duniani. Kiti chake kilikuwa kimekwisha tengenezwa kabla hajajua kutembea.

Tena ilikuwa nyumba ya watu walioijua dhuluma. Katika vita vya Waingereza na Makaburu, vya mwaka 1899 hadi 1902, majeshi ya Uingereza yaliyachoma mashamba ya Makaburu na kuwakusanya wanawake na watoto wao katika makambi. Zaidi ya watu 26,000 walikufa humo, na wengi wao walikuwa watoto. Mwaka 1913 mnara mkubwa wa kuwakumbuka ulifunguliwa Bloemfontein. Waafrika nao walitiwa katika makambi yao na kufa kwa maelfu, lakini mnara ule haukujengwa kwa ajili yao. Na mwaka ule ule wa 1913 Bunge la Wazungu lilipitisha Sheria ya Ardhi, iliyowaachia Waafrika, ambao ndio walio wengi, kadiri ya asilimia 7 tu ya nchi yao.

Hapa twapata fundisho la kwanza, nalo ni chungu. Kuonewa hakumpi mtu kinga ya kuonea wengine. Makaburu walijua kuchomewa nyumba na kuzika watoto. Lakini walipokipata kiti, uchungu wao haukuwafumbua macho wamwone aliye chini yao. Waliugeuza uchungu ule kuwa hoja ya kutokitoa kiti hicho tena. Taifa lolote lililotawaliwa na wageni, letu likiwamo, lapaswa kulitafakari jambo hili kwa unyenyekevu.

Bram alipokuwa na umri wa miaka 8 hadi 12, jamaa zake walikaa shambani. Huko rafiki zake wa kila siku walikuwa watoto wawili wa Kiafrika, hirimu zake. Walizurura pamoja, wakawinda pamoja, wakaogelea, wakafinyanga ng'ombe wa udongo. Waligombana na kupatana kama watoto wote wanavyogombana na kupatana. Baadaye, alipokuwa mtu mzima, hakuweza kukumbuka hata siku moja ambayo rangi ya ngozi iliingia katika michezo yao au magomvi yao.

Kisha jamaa zake wakahamia mjini, na mtoto yule akaingia katika maisha ya kawaida ya Mzungu wa Afrika ya Kusini. Mwafrika aliyemwona sasa alikuwa mtumishi aliyepika, aliyefua, aliyelima bustani, aliyeitikia akiitwa na kuondoka akiambiwa. Alisoma katika shule bora. Alicheza raga hata akaichezea timu ya jimbo lake dhidi ya timu ya New Zealand mwaka 1928. Katika chuo alikuwa mfuasi wa chama cha wazalendo wa Kikaburu, na wanafunzi wenziwe walimchagua kuwa Waziri Mkuu wa bunge lao la mazoezi. Alisoma pia nadharia ya kuwatenga watu kwa rangi, akaiamini kwa moyo safi, akidhani kwamba kila taifa likikaa upande wake ugomvi utakwisha.

Siku moja mwalimu wake, Leo Marquard, alimwalika katika mkutano wa baraza la Bloemfontein lililowakutanisha Wazungu na Waafrika kuzungumza juu ya hali ya maisha ya watu weusi. Fischer alikwenda kwa nia njema. Alipofika alijulishwa kwa wajumbe, naye akatakiwa kupeana mkono na Mwafrika, si kwa kuwa yule ni mtumishi wake, bali kwa kuwa ni mwenziwe. Mkono ulimwia mzito. Ilimbidi ajikaze kwa nguvu zote za nia yake ndipo akaunyosha.

Usiku ule alikaa saa nyingi akiwaza. Aliwakumbuka wale watoto wawili wa shambani, aliokuwa akishikana nao mikono mchana kutwa, majini na matopeni, bila ya kuona kinyaa. Akajiuliza ni nani aliyebadilika. Mtu mweusi hakubadilika. Aliyebadilika ni yeye.

Twawaomba wasomaji wetu watue hapa kidogo. Kati ya umri wa miaka 12 na siku ile ya mkutano, hakuna aliyemwambia Bram Fischer awachukie Waafrika. Nyumba yao ilisifiwa kwa upole na ukarimu. Wazazi wake hawakumfundisha matusi. Kilichomfundisha ni mpango wenyewe wa maisha: huyu anakaa mezani, yule anasimama mlangoni, huyu anaitwa bwana, yule anaitwa boi ingawa ana mvi kichwani. Mpango ule ulirudiwa kila siku, asubuhi na jioni, hata ukapenya katika mwili wake bila ya yeye kujua. Kwa hiyo aliweza kuwa mtu mwema, mwenye adabu, msomi, na wakati huo huo mkono wake ukawa na kinyaa. Hii ndiyo hatari ya dharau ya tabaka la juu. Mwenye nayo haioni, kwa sababu kwake si dharau bali ni hali ya dunia. Wazee wetu walisema kwamba mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Habari za Fischer zaongeza kwamba mwenye shibe hajijui hata yeye mwenyewe.

Baada ya usiku ule alikwenda kufundisha watu wazima kusoma na kuandika katika Waaihoek, mtaa wa Waafrika wa Bloemfontein. Ni katika mtaa huo huo kwamba mwezi Januari, 1912, kilizaliwa chama kilichokuja kuitwa African National Congress, yaani ANC. Na katika mji huo huo, Januari, 1914, ndipo kilipozaliwa chama cha Makaburu kilichokuja kuleta utawala wa ubaguzi wa rangi. Kijana mmoja akakua kati ya viwili hivyo, nyumba yake ikiwa upande mmoja, na polepole miguu yake ikimpeleka upande wa pili.

Twasema polepole kwa sababu hakuongoka kwa siku moja. Mwaka 1932 alikwenda kusoma Oxford nchini Uingereza, na mwaka huo huo akazuru Urusi. Mwaka 1935 alianza kazi ya uwakili Johannesburg. Hata huko bado alikuwa na mabaki ya nadharia yake ya zamani. Usiku mmoja alikuwa akimrudisha nyumbani kwa motokaa mzee mmoja wa ANC, aliyekaa mbali upande wa magharibi wa mji. Njiani Fischer alimweleza kwamba watu wakitengwa, misuguano itapungua. Mzee yule alimjibu kwa utulivu kwamba ukiwaweka watu wa nchi moja katika kambi mbili wasionane, kila upande utasahau kuwa wale wa pili nao hucheka, hulia na huona haya kama wao. Watashukiana, kisha wataogopana, na woga huo ndio msingi wa ubaguzi wote. Wakili aliyesoma Oxford alifundishwa ndani ya gari lake mwenyewe na mzee ambaye sheria za nchi zilimnyima hata kura. Naye alikubali kufundishwa.

Alijiunga na chama cha Kikomunisti, kwa kuwa siku zile ndicho kilichowakalisha watu wa rangi zote katika mkutano mmoja. Mwaka 1937 alimwoa Molly Krige, ambaye shangazi yake alikuwa mke wa Jenerali Smuts, nao wakashirikiana katika kazi hiyo. Nyumba yao ya Johannesburg, yenye bwawa la kuogelea, ilikuwa mojawapo ya nyumba chache mno nchini ambamo watu weusi na weupe waliogelea pamoja. Mwaka 1943 alimsaidia Daktari A. B. Xuma, Rais wa ANC, kuandika katiba mpya ya chama hicho.

Mwezi Agosti, 1946, Waafrika wachimba dhahabu wapatao 70,000 waligoma wakidai shilingi 10 kwa siku. Polisi waliuvunja mgomo kwa risasi na virungu, na wafanyakazi wasiopungua 9 wakapoteza maisha. Fischer hakuwako mjini mgomo ulipoanza. Lakini aliposhitakiwa pamoja na wenziwe kwa kuusaidia, hakujitenga nao, akatiwa hatiani akatozwa faini.

Hata hivyo hatutaki kumfanya malaika. Mtu huyu alikaa katika nyumba nzuri. Mwaka 1951 alipewa daraja la juu la uwakili, na katika kazi yake alizitetea hata kampuni kubwa za migodi, zile zile ambazo wafanyakazi wake waligoma. Kwa miaka mingi alikuwa na mguu mmoja kitini na mwingine chini pamoja na waliosimama. Sisi twalitaja jambo hili kwa kuwa ndivyo walivyo watu wengi wenye nia njema. Huiacha dharau mdomoni kabla ya kuziacha faida zake. Kinachompambanua Fischer na wengine ni kwamba siku ya kuchagua ilipofika, alichagua.

Makaburu walishika serikali mwaka 1948, na ubaguzi ukawa sheria ya nchi. Desemba, 1956, walikamatwa watu 156 wa rangi zote, wakashitakiwa kwa uhaini. Fischer alikuwa mmoja wa mawakili wao hata wa mwisho walipoachiliwa mwezi Machi, 1961. Kisha ikaja kesi ya Rivonia, ya mwaka 1963 na 1964, ambamo Nelson Mandela na wenziwe walikabiliwa na hatari ya kunyongwa. Fischer aliongoza utetezi wao. Wachache tu ndio waliojua ujasiri uliotakiwa, maana baadhi ya karatasi walizoshika polisi zilikuwa za mwandiko wake mwenyewe, na siku yoyote angeweza kutoka katika meza ya mawakili na kuingia kizimbani. Tarehe 12 Juni, 1964, watu 8 walihukumiwa kifungo cha maisha, wakaepuka kitanzi.

Siku iliyofuata, Fischer na mkewe walikuwa safarini kuelekea Cape Town. Motokaa yao ilitumbukia mtoni, na Molly akafa maji. Siku chache baadaye Fischer alikwenda Robben Island kuonana na wafungwa wale juu ya rufani. Hakuwaambia kwamba amefiwa.

Mwezi Septemba, 1964, alikamatwa mwenyewe. Serikali ilimpa dhamana, ikamruhusu hata kwenda London kuimaliza kesi moja ya biashara, kwa kuwa alikuwa Fischer, mjukuu wa Waziri Mkuu, mwana wa jaji, na neno lake liliaminiwa. Mwafrika aliyeshitakiwa kwa kosa kama hilo hakuota fadhila hiyo. Kiti kilimfuata hata mahakamani. London rafiki zake walimsihi asirudi, lakini alirudi kama alivyoahidi. Kisha Januari, 1965, aliona kwamba hawezi tena kuziheshimu sheria zilizotungwa na sehemu moja tu ya watu, akatoweka, akabadili sura yake na kuishi mafichoni miezi zaidi ya 9 akijaribu kuliunganisha tena jeshi la wapigania uhuru lililokuwa limevunjwa. Alikamatwa tarehe 11 Novemba, 1965, siku ile ile ambayo walowezi wa Rhodesia walijitangazia uhuru wao wa uongo.

Alipokuwa mafichoni, chama cha mawakili cha Johannesburg, chenye wanachama waliokula na kunywa nyumbani kwake kwa miaka 30, kilikwenda mahakamani kuomba jina lake lifutwe, na likafutwa. Hawakungoja ahukumiwe. Hapa ndipo tuonapo jinsi tabaka linavyojilinda. Mweusi anayelipinga huitwa mkorofi. Mwana wa nyumbani anayelipinga huitwa msaliti, na adhabu ya msaliti huwa na uchungu wa aina yake, maana kuondoka kwake kwawaonyesha waliobaki kwamba nao wangeweza kuondoka.

Mwaka 1966, akiwa kizimbani, Fischer aliieleza mahakama habari za wale watoto wawili wa shambani na habari za mkono ule mzito. Angeweza kuficha aibu ile. Aliitoa hadharani ili Makaburu wenziwe wajue kwamba ugonjwa wao si wa damu, na kwa hiyo wapona. Mwezi Mei alihukumiwa kifungo cha maisha.

Alifungwa Pretoria, kwa kuwa hata gereza liligawanywa kwa rangi. Weusi walipelekwa Robben Island, ambako hata sukari na mavazi vilipimwa kwa rangi ya ngozi. Wakili yule mkubwa aliamrishwa kusugua vyoo, akavisugua. Mwaka 1971 mwanawe wa kiume alifariki, naye akakatazwa kwenda kumzika. Alipopatwa na saratani mwaka 1974 na kuvunjika mguu, aliuguzwa na mfungwa mwenziwe, Denis Goldberg. Serikali ilimwachia alipokuwa karibu na kufa, apelekwe katika nyumba ya ndugu yake huko Bloemfontein, na nyumba ile ikatangazwa kuwa sehemu ya gereza. Humo alikata roho. Mwili wake ulipochomwa, idara ya magereza iliyachukua majivu, na mpaka leo hayana kaburi.

Mwaka 2003, baada ya ubaguzi kuanguka, mahakama ililirudisha jina lake katika orodha ya mawakili, na mwaka 2012 uwanja wa ndege wa Bloemfontein ukapewa jina lake. Lakini kwetu sisi ukumbusho wake mkubwa si uwanja wala orodha. Ni swali alilojiuliza usiku ule.

Swali hilo ni letu pia. Nchini mwetu hatuna kiti cha Kaburu, lakini viti havikwisha. Wakoloni walipoondoka, wako wenzetu waliovirithi, na katika miaka ya 1960 makabwela wa Dar es Salaam waliwapa jina la naizesheni. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilipowawekea viongozi miiko, likiwakataza mishahara miwili na nyumba za kupangisha, lilikuwa limekwisha tambua jambo hili hili, kwamba faida humzalia mtu dharau hata kama alianza akiwa mwema. Miiko ile ililegezwa Zanzibar mwaka 1991. Ukweli uliokuwamo haukulegea.

Kwa hiyo tusijidanganye kwa kusema kwamba sisi hatumchukii mtu. Fischer naye hakumchukia mtu. Na tuutazame mkono wetu. Afisa amwonapo mfagiaji wa ofisi yake njiani, humsalimu nani kwanza? Mwenye shahada humsikiliza mkulima kwa masikio yale yale amsikilizayo waziri? Mwanamume katika kikao cha tawi humkatiza mwanamke mara ngapi kabla hajamaliza neno lake? Dereva amjuaye bosi wake kwa miaka 10, je, bosi amjua majina ya watoto wake? Sisi tunaoandika katika ukurasa huu nasi tunakaa, na swali twajiuliza pamoja nanyi.

Mkono ukiwa mzito, hiyo si dhambi ya kumfanya mtu ajifiche. Ni habari kwamba amekaa mno. Fischer aliipata habari hiyo akiwa kijana, akaifuata mpaka gerezani. Wajibu wetu ni mwepesi kuliko wake: kuinuka, na kumwachia nafasi aliyesimama.